Nyumba Iliyorudishwa Safi

Akwero alizaliwa katika kambi ya polisi, akaolewa kambini, na mtu akipaza sauti nyuma yake hunyoosha mgongo kwanza, ndipo hugeuka kumwona ni nani. Marehemu mumewe, Ogwang, alikuwa polisi. Alimwachia watoto, redio mbovu, na nyumba ya serikali huko Makindye: upande mmoja wa jengo la matofali lenye milango miwili. Upande wa pili aliishi Julienne, Mkongo muuza vitenge, naye pia mjane wa polisi. Mamlaka iliyomiliki jengo iliwaacha wajane hao wakae kwa kodi ndogo, na humo Akwero alizeeka akiamini kwamba mtu mtiifu hafukuzwi.

Siku moja akaja Wanyama, ofisa wa nyumba wa mamlaka, mtu wa suti na maneno laini.

"Mama Akwero, amri imetoka juu. Nyumba nataka kutengenezwa. Ijumaa mutoke, muache funguo."

"Sawa, afande."

Hakuuliza amri ya nani. Wanyama hajawahi kushika bunduki maishani mwake, lakini kwa Akwero neno "amri" lilitosha.

Julienne alikuwa amesikia yote. Akatoka, mikono kiunoni. "Weye mama, unatoka sababu gani? Ule mutu anakuja na mudomo tu! Mie nilishakimbia vita kule kwetu. Sikimbie tena."

"Nyumba si ya sisi, dada. Serikali nasema toka, unatoka."

Sasa, kambini kuna desturi: nyumba ya serikali hairudishwi chafu. Anayehama hufagia, hupiga deki, kisha husimama mlangoni huku mkubwa wake akikagua. Ogwang alikuwa mkali sana kwa hilo. Basi Akwero akafunga virago, akasugua sakafu hadi magoti yakavimba, akachukua kipande cha sabuni na kuziba kila tundu la msumari ukutani: la saa, la rozari, la picha ya Ogwang akiwa na kofia yake. Ijumaa Wanyama akaja, akapitisha kidole ukutani, akatabasamu.

"Mama, wewe ni mfano kwa wengine."

Jamani, mwanamke yule alifurahi! Akaenda kupanga chumba kimoja bondeni, kifua mbele.

Matengenezo yalikuwa uongo mtupu. Wakubwa wa mamlaka walikuwa wamemuuzia rafiki yao tajiri jengo zima kwa siri, na haukupita muda akaja kupima kiwanja kwa kamba. Julienne akajifungia ndani. Mamlaka ikamkatia maji, ikamkatia umeme. Akapikia mkaa, akachota maji kisimani, akawatukana vibarua waliotumwa kumtoa, kwa Kiswahili cha kwao Butembo, mpaka wakaona haya. Kisha akatafuta wakili. Akwero alipojua amedanganywa, alilia siku nzima, akajiunga na kesi. Wanawe waliahidi kuchanga wainunue nyumba, kama tu ingepatikana nafasi.

Mahakamani wakili wa mamlaka alimuuliza Wanyama kama huyu mama alifukuzwa.

"Hapana. Alitoka kwa hiari yake," akajibu Wanyama. "Alisugua nyumba yote, mpaka matundu ya misumari aliziba. Mutu anayefukuzwa hawezi safisha namna ile."

Na Akwero, Mungu amsamehe, akaitikia kwa kichwa. Alidhani anasifiwa.

Hukumu ilipotoka, wakili wao aliwaeleza taratibu. Mali ya umma si ya wakubwa kugawiana. Sharti ithaminiwe, itangazwe hadharani, na anayeishi ndani aulizwe kwanza kama anataka kuinunua. Hayo hayakufanyika, kwa hiyo mauzo yamefutwa. Julienne ataulizwa kwanza. Upande wa Akwero ulikuwa mtupu siku ya kuuzwa, mwenyewe aliuacha kwa hiari, basi utapigwa mnada.

Safari hii kila kitu kilikwenda kwa sheria. Tangazo likabandikwa getini, likasomwa redioni. Siku ya mnada yeyote aliruhusiwa kuingia kukagua, na Akwero akaingia kama yeyote. Watu walikuwa wanakanyaga sakafu yake kwa viatu vya matope, wakisema nyumba imetunzwa vizuri.

Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya Wanyama peke yake. Aliichukia mikono yake. Akachomoa pini kichwani, akasogea ukutani, akaanza kuchokoa sabuni: tundu la saa, tundu la rozari, tundu la Ogwang. Vumbi jeupe likamwagika kwenye matope.

"Wewe mama! Unafanya nini?" Wanyama akapaza sauti nyuma yake.

Mgongo wa Akwero haukunyooka. Hakugeuka. Aliendelea kuchokoa mpaka tundu la mwisho, na machozi yakimtoka, kisha akapita katikati ya watu akatoka.

Mchango wa wana wa Akwero haukufikia bei. Nyumba ilinunuliwa na bwana mmoja wa Ntinda, ambaye alilalamika kidogo kuhusu ukuta.