Bwana Umeme

Nilisomeshwa kwa asali. Baba alipofariki nikiwa darasa la tatu, baba mdogo alinichukua kwake Sikonge, na kila msimu alifunga madumu ya asali kwenye baiskeli akayapeleka Tabora mjini ili nisikose shule. Nilipohitimu uhandisi wa umeme hakuelewa hasa nimesomea nini. Aliniita injinia mbele ya watu, ikatosha.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kupima njia ya laini kubwa ya umeme iliyopangwa kukatiza pori letu. Mabosi walinichagua kwa sababu nilikuwa binti wa pale. Kwenye mkutano wa kijiji mama mmoja alisimama akauliza, "Na sisi, mwanangu, huo umeme tutaupata?"

Jibu nililijua. Laini ya namna ile haiunganishwi nyumba kwa nyumba. Pasipo kituo cha kuupoza, umeme hupita tu juu ya vichwa vya watu, na kituo hakikuwemo kwenye michoro. Michoro yenyewe nilikuwa nayo mkobani.

"Mipango ipo, mama," nikasema.

Wazee waliisikitikia miti yao, wakasita. Baba mdogo akanyanyuka. "Huyu nimemlea mimi. Hawezi kutudanganya."

Wakakubali. Miti ya kukatwa niliipaka rangi nyekundu kwa mkono wangu, mingi ikiwa na mizinga ya baba mdogo. Aliishusha mwenyewe, mmoja mmoja, na nyuki wakahama. Nguzo za chuma zikasimama, nyaya zikaanza kuvuma, kijiji kikabaki na vibatari.

Mimi nilipandishwa cheo.

Miaka ilipita. Nikiwa nimeshapanga nyumba Kanyenye, Tabora mjini, niliwakusanya wenzangu tuliosoma pamoja, tukanunua sola kwa ajili ya zahanati ya kijiji. Tulizifunga wenyewe kwa siku mbili. Tulivaa fulana zinazofanana, tukapiga picha. Nesi alilia kwa furaha, maana alikuwa amechoka kuzalisha akiwa ameng'ata tochi mdomoni. Watu walikuja wengi. Baba mdogo hakuja.

Nilimfuata nyumbani. Alikuwa ameketi akitunga majani ya tumbaku kwenye kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamweleza habari za zahanati, nikiongea upesi upesi kama mtu anayejitetea. Aliniacha nimalize.

"Siku ile ya mkutano," akasema, "ulijua?"

Ningeweza kusema niliagizwa. "Nilijua."

"Ungeniambia mimi peke yangu. Miti ningewapa tu, kazi yako isiharibike. Ila wenzangu nisingewasemea." Akavuta kamba. "Unajua wananiitaje huko kilabuni? Bwana Umeme. Nikiingia, mmoja anasema washeni taa."

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Alisema nimesamehewa, nami nikamwamini, kwa kuwa si mtu wa maneno ya uongo. Lakini hakuniambia nikae.

Sola zinafanya kazi mpaka leo. Nimealikwa mara kadhaa kuzungumza na wahitimu kuhusu kurudisha fadhila nyumbani, na huwa nawaonyesha ile picha ya zahanati. Wananisifu. Habari za laini siwaambii. Nikienda likizo namsalimia baba mdogo, ananiitikia, ananiulizia watoto. Neno injinia halijamtoka tena kinywani.