Kijana Yangu Alikatwa Kama Majani Chai

Hiyo miaka ya tisini kijana yangu alienda India, akakatwa maini, nusu ikawekwa ndani ya msichana wake wa miaka miwili. Ya mtoto ilikuwa imekufa, macho njano kama ndizi. Madaktari wakasema eti ya baba itamea tena. Mimi nikaogopa. Na kama haimei? Nitabaki na nusu ya kijana?

Lakini mimi nimechuma majani chai Othaya tangu nikiwa msichana, kwa hivyo kukata najua. Chai ikikatwa mpaka shina ndio imee upya, hakuna mtu anagusa. Unaifunika na matawi yake, unaweka mbolea, unangoja mpaka juu ikuwe sawa kama meza, ndio uchume tena.

Basi aliporudi nilimfunika na blanketi tatu. Panga hapana, jembe hapana, hata birika ya chai nilimnyang'anya. Na mbolea? Maini ya ng'ombe, kila siku, kutoka kwa bucha.

"Mami, nimechoka na maini."

"Nyamaza. Mbolea hailalamikiwi."

Shida ni mdomo yangu. Pale kituo ya kupima majani niliambia wamama wote ati maini inachipuka kama chai. Siku ya pili jirani yetu, ule mzee wa pombe, akaingia kwangu na kofia mkononi.

"Mama, nimesikia ya kijana inamea. Si anikatie kidogo? Mimi sina tamaa, hata kama ni saizi ya kiganja."

Kijana akacheka akishika kidonda. Mimi sikucheka. Nilimfukuza na mwiko.

Baada ya miezi tatu tukaenda Nyeri na mtoto, wote wawili wapigwe picha ya tumbo. Nikauliza daktari, msichana mdogo hivi, "Ya kijana imekuwa sawa juu?"

"Shosho, imejaa, karibu kama ile ya zamani. Lakini ule upande ulikatwa haukurudi. Ule ulibaki ndio ulinenepa."

"Na ya mtoto?"

"Hiyo nayo inakua na yeye."

Nikashukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wa laini ya kungoja daktari wakachungulia mlango. Halafu nikakumbuka ule mzee.

"Sasa inaweza kuchumwa tena?"

"Hapana, Shosho! Hii huchumwa mara moja tu."

"Na ile maini ya ng'ombe, si ndiyo ilimsaidia?"

"Chakula yoyote nzuri ingesaidia. Hata maharagwe."

Kijana alikuwa hajamaliza kufunga shati. "Mami, umesikia? Maharagwe!"

Lakini tulipopitia bucha tukirudi nyumbani, mwenyewe alikuwa ashatufungia maini yetu kwa gazeti, kama kawaida. Kijana akaiangalia, akageuza uso. Mimi nikaichukua, nikaenda moja kwa moja mpaka kwa jirani, nikamwekea mkononi.

"Shika yako," nikamwambia. "Imezidi hata kiganja. Ya kijana yangu usiniulize tena."