Nyuki Wamenisaidia Kuamsha Mtambo wa Monika

Nina miaka 79, nimezika redio nne, na leo nimeishinda kompyuta!

Binti yangu Monika huwatumia ujumbe wafuga nyuki wenzangu wa Ipole kwa mtambo wa kompyuta. Neno la siri la mtambo limefichwa kwa mafumbo, linakaa mtandaoni, na mtambo hulisoma ukiwashwa.

Leo kalibadilisha kwa programu aliyoandika. Mtambo ukagoma! Na gari la kununua asali linafika mchana, wenzangu hawajui.

"Baba, neno jipya lipo, ila mtambo bado unashika la zamani."

"Uzime."

"Mzee, kaa na mizinga yako!"

Nikamwambia, nyuki ukiwahamisha watarudi palepale walipozoea, mpaka uwafungie kwanza. Mtambo nao umezoea neno la zamani. Zima!

Kazima, kawasha. Ujumbe ukaenda wote!

Mnabisha? Muulizeni mama yake. Kamsikia Monika akiniamkia shikamoo mara ya pili leo.