Tumbaku Haiokwi Kama Mkate

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ninaikumbuka kwa pua zaidi kuliko kwa macho. Usinikodolee macho ukijiuliza mtu wa miaka kumi na saba, bado anavaa sare ya shule, amepata wapi mwana. Uzee huhesabiwa kwa makosa, na kwa hesabu hiyo mimi ningestahili kupokea pensheni kesho asubuhi. Keti basi, nikupe la mkubwa wako.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulipanga nyumba Umbilo, hapa Durban, yenye kiwanja kidogo nyuma, na Babu, baba yake mama, alikuwa amepanda tumbaku kando ya uzio. Mbegu zake alitoka nazo kwetu Uvira, Kongo, zimefungwa kwenye pindo la shuka. Jirani wa juu alidhani ni bangi, akawa anatusalimia kwa heshima isiyo ya kawaida. Babu hakumsahihisha. Alisema heshima haikataliwi.

Mwaka huo tumbaku ilikuwa na kazi. Dada yangu Furaha alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kizulu, na bibi yake huyo kijana, tuliyemwita Gogo kama wanavyowaita bibi zao, alisema hatakubali ndoa mpaka aione kwanza nyumba anakotoka binti. Gogo alinusa ugoro. Babu aliposikia hivyo akatabasamu. "Kwetu, mzee wa kunusa hapokewe na mikono mitupu. Na ugoro ya duka ni ya watu hawajuane."

Tukavuna. Tukayatunga majani kwenye kamba, tukayaning'iniza stoo, penye giza na upepo wa kupita, yageuke manjano, kisha kahawia, taratibu. Wiki nne. Halafu yafungwe kwenye gunia yatoke jasho, na kila asubuhi gunia lifunguliwe, majani yageuzwe, yapumue, maana hewa ya Durban ina maji na ukungu hauhitaji mwaliko. Babu angefanya yote hayo mwenyewe, lakini miguu ikamvimba, ngazi za stoo zikamshinda. Kazi ikaniangukia mimi. Na stoo hiyo, mwanangu, ndimo nilimokuwa nikilala.

Shuleni msichana niliyekaa naye dawati moja akaninusa bega, akauliza, "Kwani umeficha mzee kwenye mfuko?" Darasa zima likacheka. Mimi ndiye ninayechekesha darasa, sichekwi. Niliporudi nyumbani mama alikuwa saluni kazini na Furaha hayupo. Wiki ya pili ilikuwa haijaisha, majani yameanza tu kupata manjano kwenye kingo. Nikawasha oveni.

Nusu saa. Yalitoka makavu kama karatasi, na kijani kama mchicha. Nyumba ilinuka hata jirani wa juu akashuka, akabisha hodi, akauliza kwa upole kama tunahitaji mtu wa kuonja. Nikayaficha majani ndani ya mkebe wa biskuti. Tangu hapo, kila asubuhi Babu aliniuliza kutoka kitandani, "Mjukuu, majani yameamka namna gani?" Nami nikajibu, "Yameamka salama, Babu." Kila asubuhi, kwa karibu mwezi mzima.

Siku moja kabla ya ugeni niliyatwanga. Unga ukawa wa kijani. Nikachanganya na kahawa ya unga mpaka rangi ikapendeza. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, lakini mimi wakati ule niliwaona wahenga ni watu waliokosa kahawa.

Jumamosi Gogo akaja na mjukuu wake. Babu alikuwa amevaa suti, miguu juu ya stuli. Akatoa kopo la ugoro kwa mikono miwili. Gogo akapokea kwa mikono miwili, akachota, akavuta. Tukangoja apige chafya ya raha. Haikuja. Kikaja kikohozi, kisha machozi.

"Hawu!" akasema, na maneno mengine ya Kizulu ambayo Furaha alichelewa kuyatafsiri. "Anauliza... anauliza tangu lini watu wanakunywa kahawa kwa pua."

Gogo akafunika kopo, akalisukuma mezani kurudi upande wetu. Kurudishiwa zawadi hakuhitaji mkalimani. Mchumba akaangalia viatu vyake. Furaha akaweka sinia la chai chini bila kumimina, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichokitia kwenye oveni ni ndoa ya dada yangu.

Babu alichota kidogo, akanusa. Akanitazama mara moja tu. Kisha akamgeukia mgeni: "Mama, kosa ni yangu. Miguu ilivimba, nikafanya haraka."

Mzee huyo hakuwahi kufanya haraka maisha yake yote, hata kukimbilia teksi. Nikapiga magoti pale pale, na kwa Kizulu changu cha uwanja wa mpira nikasema yote: oveni, mkebe, kahawa.

"Oveni?" akauliza Gogo. "Na siagi ulipaka?"

Kisha akamgeukia Babu. "Umebeba aibu ya mtoto bila kuombwa. Huyu binti naye umemlea wewe?"

"Mi na mama yake," akajibu Babu.

"Basi nyumba niliyokuja kuiona, nimeiona." Akatoa kopo lake mwenyewe kifuani, akamkaribisha Babu achote. Wakapiga chafya pamoja, mara tatu, na Furaha akamimina chai.

Wageni walipoondoka nikangoja bakora. Babu alisema tu, "Oveni ni utoto, nimesamehe. Lakini kila asubuhi nilikuuliza, mjukuu. Kila asubuhi nilikupa mlango ya kutokea." Afadhali bakora.

Sasa sikiliza ninalokuambia. Jani lina siku zake, na moto hauzifupishi, unaziua tu. Usichoweza kungojea, usikubali kukabidhiwa. Na ukishaharibu, maana utaharibu, nakufahamu, sema siku ile ile, wakati bado kuna mimea mingine kwenye uzio. Mficha uchi hazai. Ukingoja mwezi, aibu yako itavaa suti na kupokea wageni kwa niaba yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akukuzie subira mapema, akupe wazee wa kukusitiri, na akuepushe na kuwazoesha kazi hiyo.