Wimbo wa Maneno Magumu

Katika ukoo wetu, mwenye akili alikuwa binti wa mama yangu mdogo. Mimi nilijulikana kwa kufua vizuri. Yeye alisoma shule ya msingi kwao Butiama, na ukimuuliza kwa nini nguo ikianikwa hukauka, au maji ya kwenye sufuria huenda wapi, alikuwa anakueleza mpaka unajuta kumuuliza. Alipofaulu darasa la saba wazazi wake wakamleta kwetu Nyakato, Musoma, tusome pamoja sekondari. Baba yake alimsindikiza mpaka sebuleni, akanywa chai, halafu akatoa hukumu yake kabla hata kikombe hakijaondolewa mezani.

"Akifaulu huo mtihani wa kidato cha pili, ataendelea. Akianguka, mambo ya kurudia darasa sitaki kuyasikia. Anarudi nyumbani. Jembe haliulizagi Kiingereza."

Mama yangu alicheka, akidhani shemeji yake anatania. Wanaume wa upande ule hawatanii wakiwa wameshika kofia mkononi.

Kidato cha kwanza tuliingia tukiwa wasemaji, tukageuka mabubu. Mpaka darasa la saba kila kitu kilifundishwa kwa Kiswahili, ambacho nacho wengi wetu tulikikuta shuleni baada ya Kizanaki au Kijita cha nyumbani. Sasa ghafla biolojia, jiografia, hata hesabu, vyote vikavaa Kiingereza. Ndugu yangu aliyekuwa akinyoosha mkono mpaka anasimama alikaa miezi mizima mikono iko mapajani. Nilipenda nione ameshindwa kitu, nakiri, lakini si kwa namna ile. Ilikuwa inauma kumtazama.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana mwema, mtu wa kwaya. Darasa lilijaa hadi dirishani na vitabu vilikuwa vya kugombania, basi akaamua kutumia alichonacho, yaani sauti zetu. Alichukua maneno magumu ya vitabuni, yale yanayorudi kila mtihani, akayatungia wimbo wa mchakamchaka. Kila asubuhi tulikimbia kutoka getini kuelekea Makoko na kurudi, mwimbishaji akitaja neno, sisi tukijibu maana yake. Neno lilikuwa la Kiingereza na maana ilikuwa ya Kiingereza pia, kwa hiyo tulimeza vyote viwili bila kutafuna. Compare lilikuwa getini. Significant lilikuwa kwenye kona ya mashine ya kusaga. Evaporation lilikuja mbali, pale barabara inapoanza kuteremka na unaanza kuliona ziwa.

Mwimbishaji alikuwa ndugu yangu. Mwalimu alimsikia siku moja akiimba huku anafagia, akamtoa mbele ya shule nzima. Ana sauti ile ya kupanda bila kupasuka, na mara ububu ukamwisha. Wageni wakija shuleni, yeye ndiye anayeitwa. Anasimama, mguu unapiga chini, anayamwaga maneno yote bila kujikwaa, wageni wanatikisa vichwa. Mwalimu akawa anamtolea mfano. Hata baba yake, habari zilipomfikia Butiama, alituma kuku.

Mimi tu ndiye niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Jioni tukiosha vyombo alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hivi hii significant yenyewe ni kitu gani?" Namwambia ni jambo lenye uzito, jambo kubwa. Anashangaa. "Kumbe! Mi nilikuwaga nadhani ni ugonjwa." Tunacheka mpaka mama anatufokea. Nilikuwa najua kidogo, kwa sababu nilikuwa mwoga wa kuimba, nikabaki nyuma ya mstari nikiwaza maneno yana maana gani. Lakini nani angeniuliza mimi? Mwimbishaji alikuwa yeye.

Mtihani wa biolojia ulifanyika asubuhi yenye upepo wa ziwa, madirisha yanagonga. Nilikaa nyuma yake. Msimamizi alikuwa mgeni, ametoka shule nyingine, hatujui sisi, nasi hatumjui. Karatasi zikagawiwa, tukaambiwa tuanze, na mara nikaona bega la ndugu yangu linacheza. Mguu wake ukaanza kupiga sakafu, taratibu, kushoto kulia. Nikajua anafanya nini. Swali lilitaka evaporation, yaani maji kugeuka mvuke, na yeye evaporation hakuwa nalo peke yake. Ili alifikie ilibidi aanzie getini, akimbie, apite mashine ya kusaga, neno kwa neno, mpaka kwenye mteremko. Midomo ilikuwa inatembea. Kisauti kidogo kikamponyoka.

"Wewe!" Msimamizi aligonga meza yake. "Hapa ni kanisani? Unamwimbia nani majibu?"

Alinyamaza. Akaanza upya, nikaona bega, na msimamizi akaja akasimama kando yake, mikono nyuma. Mguu ukatulia. Alibaki ameinama hivyo kwa muda mrefu. Halafu, ajabu, akashika kalamu akaanza kuandika. Aliandika bila kupumzika, ukurasa baada ya ukurasa, na mimi nikamshukuru Mungu pale pale nilipokaa.

Tulipotoka nilimkimbilia. "Nimekuona, umeandika sana!"

"Nimeandika maswali," alisema.

"Maswali gani?"

"Maswali yao. Nimeyanakili yote, kwa mwandiko mzuri. Ningeacha wazi wangesema sikufanya kitu."

Mpaka leo sijui hasira yangu niipeleke kwa nani. Msimamizi alifanya kazi yake. Mwalimu alitupenda, na matokeo yalipobandikwa, ndugu yangu akiwa ameanguka, alisimama mbele ya ubao wa matangazo akirudia, "Lakini huyu ndiye alikuwa anajua kuliko wote." Machozi yalikuwa yanamlenga. Mtoto aliyejua nguo iliyoanikwa inakaukaje, angeulizwa kwa Kiswahili angejaza karatasi akaomba nyingine. Hakuna aliyemuuliza. Baba yake alikuja na bodaboda, hakugomba, alikunywa chai yake kama mara ya kwanza. Walipoondoka, ndugu yangu alikaa nyuma ya pikipiki amekumbatia godoro lililokunjwa, na godoro lilikuwa kubwa kiasi kwamba sikuona uso wake.

Nimekuwa mwalimu wa Kiingereza. Nafundisha Bunda, upande wa Manyamanyama, na sifundishi kwa wimbo. Nachukua neno moja au mawili, namtaka kila mtoto alitumie kusema jambo la kwao, pamba, ng'ombe, ugomvi wa shangazi. Ni kazi inayochosha, na wenzangu wananitania kwamba mtihani utafika mimi bado nashughulika na mashangazi. Wana haki ya kucheka. Kila mwaka nasimamia mitihani na kila mwaka naona midomo inayotembea. Kila mwaka pia yuko mmoja anayenakili maswali kwa mwandiko mzuri.

Juzi nilikwenda Butiama kumsalimia ndugu yangu. Tulikaa uani tukimenya mihogo, mikono yake ina kasi, yangu imeshasahau. Binti yake wa kwanza amemaliza darasa la saba na anajiandaa kwenda sekondari. Ana macho yale yale ya kuuliza. Nikasema aje kwangu likizo hii nimwanzishe Kiingereza mapema.

"Usihangaike, dada. Nimeshamfundisha mimi mwenyewe." Uso wake ulichangamka, jambo nililokuwa sijaliona siku nyingi. "Maneno yote. Si unakumbuka mi walinikatiza? Kosa langu lilikuwa midomo. Huyu nimemfundisha aimbe moyoni, hata msimamizi amsimamie puani hatajua. Mama, njoo. Mwonyeshe mama mkubwa."

Mtoto aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akasimama mbele yetu wima. Akafunga mdomo. Nilichokiona ni kidole gumba cha mguu tu, kikipiga vumbi kidogo kidogo, na mama yake pembeni akiitikia kwa kichwa, akimfuata, akitabasamu, mpaka kidole kiliposimama.

"Umeona?" alisema. "Hajakosea hata moja."