Kumbikumbi Kwenye Mashine ya Unga

Baba alichimba kidimbwi nyuma ya zizi, hapa Mwala ambako hata mbuzi hunywa maji kwa kupimiwa, akaweka tilapia, kisha akatangaza: samaki wasipolingana urefu na kiganja chake kufikia Pasaka, anafukia shimo apande mbaazi. Kiganja cha Baba ni koleo. Samaki walikuwa kama vidole vyangu. Mlishaji nilikuwa mimi, kidato cha pili, na darasa zima nilishalitambia kwamba nafuga.

Pumba tupu hazikuwanenepesha. Mwalimu wa kilimo akatuambia wadudu waliosagwa hukuza samaki. Mvua ilikuwa imenyesha, kumbikumbi wakatoka ardhini. Nikajaza ndoo, nikawakausha juani, nikapepeta mabawa. Susu, yaani nyanya yangu, alinuna siku mbili kwa kuwa nawalisha samaki chakula cha watu.

Nikawapeleka kwenye mashine ya kusaga sokoni. Hapo kila mtu anajua: unga wa aliyekutangulia hubaki kidogo ndani ya mashine, ukatokea kwako. Ndiyo maana hakuna anayetaka kumfuata mwenye wimbi. Nyuma yangu alisimama mama anayeongoza kwaya yetu, na mahindi meupe pepepe.

"Kijana, hiyo ni nini umebeba?"

"Mahindi ya susu, mama. Ameikaanga kwanza, hana meno."

"Mungu ambariki."

Nikamimina haraka, nikachukua unga wangu, nikatoweka.

Jumapili alinidaka mlango wa kanisa. "Wewe! Ugali yangu ilikuwa na bawa!"

"Si labda ni ya malaika, mama?"

Baba alikuwa nyuma yangu. Sikumwona.

Nilifagia ile mashine ndani na nje, nikampelekea mama unga mwingine kutoka kwetu, na kuanzia hapo kumbikumbi niliwatwanga kwa kinu hadi viganja vikatoka malengelenge. Susu alikuja kutazama, akicheka na meno yake yote.

Pasaka Baba akavuta wavu. Akalaza tilapia mmoja kiganjani. Mkia ukapita kidole cha kati. Akanyoosha vidole mpaka vikatetemeka, yeye, mzee wa kanisa, anaiba kipimo hivyo mchana. Mkia bado uko nje.

"Mbaazi tutapanda kwingine," akasema.

Mteja wa kwanza alikuja na sufuria: mama wa kwaya.

"Nipe wale waliniharibia unga yangu."

Nikamchagulia mkubwa kabisa, nikamgeuza huku na huku mbele yake.

"Kagua mwenyewe, mama. Huyu hana bawa."

Baba akaanza kukohoa, akakohoa mpaka zizini.