Kuku Aliyekuwa Shahidi

Mume wangu Eugène ni daktari wa mifugo hapa Baraka, na ndiye mwanaume pekee ninayemjua anayevaa soksi juu ya buti. Anaingia bandani, anazungukazunguka mpaka soksi zijae mavi ya kuku, kisha anazifunga kwenye mfuko kwa uangalifu kama mtu aliyenunua mikate. Humo ndimo wanamotafuta salmonela, vijidudu vya kuharisha watu. Jikoni kwangu nimekataa zisiingie, na hapo hatuelewani mpaka leo.

Mwezi uliopita alikwenda Mboko kwa Mama Suzanne, mwenye kuku mia tatu wa mayai. Baadhi walikuwa wanasinzia mchana kutwa, na Jumatatu iliyofuata mayai yalikuwa yaanze kupelekwa maternité, kwa akina mama waliojifungua. Soksi hupimwa Bukavu, na majibu huchukua wiki tatu. Kwa hiyo Eugène alitaka ampasue yule kuku mgonjwa kuliko wote, amwonyeshe Suzanne maini yake, ili akubali kuyazuia mayai.

Alipotoka bandani akakuta meza imetandikwa. Kwa Suzanne mgeni haondoki na njaa: yeye alipewa kuku na nyanya mbichi zenye pilipili, wenye nyumba wakala sombe, majani ya muhogo. Eugène hajawahi kukataa sahani. Alimaliza mpaka maini, ndipo akaomba aletewe yule kuku anayesinzia.

"Njo uyo umetoka kula, docteur," Suzanne akamjibu, akionyesha mifupa sahanini. "Ningechinja mwenye iko anataga?"

Nyama ilikuwa imeiva vizuri. Nyanya ndizo zilizokatwa kwa kisu kilekile kilichomkata kuku akiwa mbichi. Kesho yake mume wangu alihamia chooni, na mimi nikamcheka bila huruma. Lakini yeye, tumbo likimkata, akafurahi. Maabara ya hospitali haipokei mavi ya kuku. Ya mtu inapokea, na majibu ni siku tatu. Akanituma niyapeleke. Nilikatiza sokoni na kile kikopo nimekificha ndani ya kitenge, kila mtu ananisimamisha kunisalimia.

Jumamosi karatasi ikatoka: salmonela. Niliipeleka Mboko mwenyewe. Suzanne akaisoma mara mbili, akakaa chini, akalia, maana alijua vizuri mume wangu alikula nini na wapi. Mayai hayakwenda.

Jumatatu nilipita maternité. Mama kumi na mmoja walikuwa wanakula maharage, vitoto vyao vimelala mapajani. Nikasimama pale dirishani, nikaona aibu kwa jinsi nilivyomcheka.